Kiraka juu ya kiraka: kwa nini kasoro za foleni za pakiti hazikomi

Katika nusu ya kwanza ya mwaka 2025, HFSC, mpangilio wa foleni za pakiti (vifurushi vya data vinavyosafiri mtandaoni) ndani ya keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi wa Linux, ulitiwa kiraka cha usalama, na haukupita muda kiraka hicho kikaonekana hakitoshi. Udhaifu wa kwanza ulisajiliwa katika CVE, orodha ya pamoja ya udhaifu wa programu, kwa namba CVE-2025-37890. Wa pili, uliopenya pembeni mwa marekebisho ya wa kwanza, ukapewa CVE-2025-38001. Walioripoti huo wa pili walieleza wazi jinsi ukaguzi mpya unavyokwepeka: ulitazama kihesabio kimoja, na kihesabio hicho hupandishwa katika njia moja tu kati ya mbili zinazoweza kuliingiza kundi la pakiti kwenye zamu ya kuhudumiwa. Anayepita njia ya pili haukuti ukaguzi kabisa.

Kisa hiki kinastahili kutazamwa kwa makini kuliko taarifa nyingi za usalama zinazotoka kila wiki. Kasoro za kumbukumbu katika foleni za pakiti kwa kawaida hurekebishwa pale mfumo ulipoangukia. Mtu anasoma ripoti, anaona mstari uliogusa kumbukumbu iliyokwisha kuachiliwa, anatanguliza sharti mbele ya mstari huo, na kazi inahesabiwa kuwa imekwisha. Lakini kasoro haikuzaliwa hapo. Ilizaliwa katika makubaliano kati ya vipande viwili vya msimbo kuhusu mambo mawili: nani anaimiliki pakiti kwa sasa, na lini foleni ihesabiwe kuwa tupu. Makubaliano hayo yasipowekwa wazi na kulindwa, kiraka kimoja kitaendelea kuita kingine.

Tuanze na umiliki. Ndani ya Linux kila pakiti huwakilishwa na muundo uitwao sk_buff. Muundo huo unabeba vielekezi, yaani anwani za kumbukumbu, vinavyoonyesha data inaanzia na kuishia wapi, urefu wake, na kihesabio cha wangapi wanaoishika pakiti hiyo. Unaweza kutengenezewa nakala nyepesi, yenye muundo wake wenyewe lakini inayochangia data ile ile na pakiti ya awali. Pakiti moja hupokewa na draiva ya kadi ya mtandao, hupita kwenye vichujio, hupandishwa hadi itifaki inayohusika, kisha hukaa kwenye foleni ya soketi ikingoja programu iisome. Na inayotoka nje hufuata njia ya aina hiyo kinyumenyume. Kila inapovuka mpaka, umiliki unahama. Lugha ya C, iliyotumika kuandika keneli, haina namna ya kuuandika uhamisho huo ndani ya aina ya data ili kompaila, programu inayougeuza msimbo kuwa wa mashine, iukague. Unakaa kwenye maelezo ya pembeni, kwenye mazoea, na vichwani mwa waliouandika msimbo. Wakiondoka, unaondoka nao.

Mfano ninaourudia sana ni wa itifaki ya DCCP, kasoro CVE-2017-6074. Pakiti ya kuomba muunganisho ilipofika, sehemu moja ya msimbo iliweza kuihifadhi kwa matumizi ya baadaye, ikapandisha kihesabio kama ilivyotakiwa. Sehemu nyingine, iliyoshughulikia hali ya muunganisho, ikaiachilia pakiti hiyo hiyo kwa nguvu bila kukitazama kihesabio. Baadaye aliyeihifadhi naye akaiachilia, na kumbukumbu ile ile ikawa imeachiliwa mara mbili. Hilo lilimtosha mtumiaji wa kawaida wa mashine kujipa mamlaka ya mtumiaji mkuu. Kasoro hiyo ilikuwemo tangu 2005, ikaishi zaidi ya miaka 11 hadi chombo cha majaribio kiitwacho syzkaller kilipoifichua. Marekebisho yake yalikuwa mafupi: badala ya kuiachilia kwa nguvu, punguza kihesabio na umwachie wa mwisho kuishika ndiye aiachilie. Nakipenda kiraka hicho kwa sababu kilirudisha kanuni mahali pake. Hakikuongeza hata sharti moja la kuuliza kama pakiti bado iko hai.

Hesabu nayo ina visa vyake. Juni 2019 ilitangazwa CVE-2019-11477, iliyojulikana kama SACK Panic, iliyogunduliwa na wahandisi wa Netflix. Pakiti iliyo kwenye foleni ya kutumwa upya inaweza kuwa na vipande hadi 17, kila kimoja kikibeba hadi kilobaiti 32. Mtu wa upande wa pili akishusha ukubwa wa segimenti, yaani sehemu ambamo data hukatwa ili itumwe, hadi ibaki nafasi ya baiti 8 tu za data, idadi ya segimenti inaweza kufika karibu 70,000. Kihesabio chake kilikuwa cha biti 16, ambacho kikomo chake ni 65,535. Hesabu ikafurika, ukaguzi uliokuwa umewekwa ndani ukagundua kwamba namba hazilingani, na keneli nzima ikasimama. Seva kuzimwa kutoka mbali ni pigo. Hata hivyo bila ukaguzi huo keneli ingeendelea kufanya kazi kwa namba za uongo, na hapo ndipo kumbukumbu huanza kuandikwa mahali pasipostahili. Foleni inayojikagua yenyewe ina thamani hata pale inapoanguka.

Sasa turudi kwenye HFSC, maana ndipo umiliki na hesabu vinapokutana.

Kanuni ya HFSC ilichapishwa 1997. Nia yake ni kugawa uwezo wa kiungo cha mtandao kwa makundi ya pakiti yaliyopangwa kama mti, huku baadhi yakihakikishiwa muda wa kuhudumiwa. Kila kundi la chini lina foleni yake mtoto, na foleni hiyo inaweza kuwa ya aina yoyote kati ya nyingi zilizomo kwenye keneli. Foleni mama haihangaiki na makundi matupu; inaweka orodha ya yale yenye pakiti tu. Kwa hiyo pakiti inapofika, mama anauliza: je, kabla ya hii, foleni ya mtoto ilikuwa tupu? Kama ndiyo, baada ya mtoto kuipokea pakiti, kundi linaingizwa kwenye mti wa walio zamuni. Mtoto akiishiwa pakiti, kundi linatolewa.

Netem ni foleni ya kuigiza mtandao mbovu. Inachelewesha pakiti, inazipoteza, inazirudufu, ili watengeneza programu waone mifumo yao inavyostahimili. Ili kuirudufu pakiti, netem hutengeneza nakala na kuirudisha juu kabisa, kwenye shina la mti, wakati kazi ya kuipokea pakiti ya kwanza bado haijamalizika. Nakala inashuka tena kupitia HFSC ile ile hadi kundi lile lile. HFSC inauliza swali lake, inajibiwa kwamba foleni ni tupu, inalipanga kundi zamuni. Kisha utekelezaji unarudi kwenye pakiti ya kwanza, ambayo ilikwisha kupata jibu la “tupu” kabla ya hayo yote kutokea. Kundi linapangwa mara ya pili. Kundi hilo likifutwa baadaye, kumbukumbu yake inaachiliwa, huku mti ukiwa umebaki na kielekezi kinachoonyesha mahali pasipo pake tena. Mshambuliaji anapaswa tu kuijaza nafasi hiyo data aliyoichagua yeye.

Kiraka cha kwanza kilisema: usilipange kundi kama tayari limehesabiwa kuwa hai. Kihesabio kilichotumika, kama nilivyosema, kiliijua njia ya mgawo wa kiungo lakini hakikuijua njia ya dhamana ya muda. Ukichagua dhamana ya muda peke yake, unapita. Kwa kawaida kundi kuingia mara mbili kungesababisha mzunguko usiokwisha wakati wa kutoa pakiti, na mashine ingeganda kabla shambulio halijafika mbali. Lakini ukiweka foleni ya tatu kwenye shina, iitwayo TBF, na kuipa kasi ndogo mno, hakuna pakiti inayotolewa, mzunguko hauanzi, na mshambuliaji anapata wasaa wa kuendelea kuingiza makundi hadi ajenge anachokitaka.

Hapo kuna aina tatu za foleni, zilizoandikwa na watu tofauti kwa nyakati tofauti. Ukiisoma HFSC peke yake huoni kosa. Swali lake ni la haki. TBF haina hatia yoyote. Kwa maoni yangu aliyevunja makubaliano ni netem, kwa kuingia tena kwenye mti kabla ya kutoka. Na bado viraka vyote viwili vilitiwa ndani ya HFSC, kwa kuwa huko ndiko ripoti zilikoonyesha kidole. HFSC si mama pekee anayeweza kupewa netem kuwa mtoto. Kila mama mwingine mwenye orodha ya walio hai yuko kwenye hatari ya aina hiyo, na ukimlinda kila mmoja kwa sharti lake utakuwa na masharti mengi yasiyofanana, kila moja likisubiri mtu wa kulizunguka. Baadaye mwaka huohuo likaja zuio kwenye netem yenyewe, la kutoruhusu urudufishaji katika baadhi ya mipangilio ya mti. Wapo waliokuwa na sababu halali ya kupanga hivyo na wanaona wamenyimwa. Nawaelewa, na bado nadhani zuio liko mahali sahihi kuliko masharti yaliyolitangulia. Tiba kamili ingekuwa netem iirudufu pakiti bila kupanda tena shinani.

Kisa cha CoDel ndicho kinachonipa matumaini. CoDel, aina nyingine ya foleni, ilitambulishwa 2012 na Kathleen Nichols na Van Jacobson ili kupambana na foleni zinazovimba na kuchelewesha mtandao mzima. Upekee wake ni kwamba huzitupa pakiti wakati wa kuzitoa, ikiona zimekaa mno. Ikizitupa, lazima iwaarifu mama zake wote hadi juu kwamba hesabu imepungua, na kama imebaki tupu, mama ajue ili alitoe kundi zamuni. Lakini msimbo wake ulikuwa na sharti la ajabu: kama foleni sasa ni tupu, usiarifu, ahirisha hadi zamu ijayo. Na maelezo yaliyoandikwa juu ya sharti hilo yalitoa sababu bila kificho, kwamba vinginevyo HTB itaanguka. HTB ni mojawapo ya mama hao. Yaani mama mmoja hakuweza kuvumilia kuambiwa mara mbili kwamba mtoto ni mtupu, na suluhisho likawa kumnyamazisha mtoto. Matokeo yake, CoDel ikitupa zote ilizonazo, mama haambiwi. Hesabu yake inabaki juu, kundi tupu linaendelea kuonekana hai, na mipango mingine iliyoitegemea hesabu hiyo inapotoka. Hiyo ndiyo CVE-2025-37798.

Safari hii tiba ilianzia kwenye makubaliano. Kwanza zilirekebishwa foleni mama tano, yaani HTB, DRR, HFSC, QFQ na ETS, ili habari ya kuishiwa ikisikika mara moja au mara tatu matokeo yawe yale yale. Baada ya hapo tu ndipo sharti ndani ya CoDel likaondolewa. Msimbo uliotoka ulikuwa na kanuni rahisi kuieleza: mtoto husema ukweli kila wakati, na mama humudu kuusikia tena. Mtu anayeandika foleni mpya leo anaweza kuifuata bila kujua historia ya HTB. Ningependa kila marekebisho katika eneo hili yapimwe kwa kigezo hicho, kwamba kanuni iliyobaki baada yake iwe fupi kuliko iliyokuwepo.

Kwa nini makosa ya eneo hili, ambalo watumiaji wengi hawajawahi hata kulisikia, yawe na uzito kiasi hiki? Kupanga foleni za mtandao ni kazi ya msimamizi wa mashine, na msimbo huu uliandikwa kwa kudhani hivyo. Msimamizi akiivunja mashine yake mwenyewe, hakuna aliyeshambuliwa. Kisha 2013, kwa toleo la 3.8, Linux ikamruhusu mtumiaji yeyote kujitengenezea eneo lake la watumiaji ambamo yeye ndiye mkuu, na ndani yake kuwa na mtandao wake wa kuuchezea. Lilikuwa jambo jema. Kontena, yaani mazingira yaliyotengwa ya kuendeshea programu, zisizohitaji mamlaka ya mtumiaji mkuu hutegemea hilo, na vivinjari hulitumia kuzifungia kurasa zisidhuru mashine. Lakini kwa hatua hiyo, maelfu ya mistari iliyoandikiwa mtu wa kuaminika yakafunguliwa kwa yeyote mwenye akaunti, bila mtu kuyapitia upya kwa jicho hilo. Katika mpango wa Google uitwao kernelCTF, unaowalipa watu wanaoonyesha mashambulio halisi dhidi ya keneli, foleni hizi zimekuwa njia inayotumiwa mara kwa mara. Ubuntu, mojawapo ya mifumo ya Linux, ilianza kuwawekea watumiaji wa kawaida vizuizi vya kujitengenezea maeneo hayo kwa kutumia AppArmor, zana ya kubana kile ambacho programu inaruhusiwa kufanya, na katika toleo la 24.04 vinawashwa bila mtumiaji kuomba. Kwa seva ambayo haiendeshi kontena za namna hiyo, kufunga mlango huo ni hatua ya saa moja inayokinga kasoro ambazo bado hazijagunduliwa.

Na kuna msimbo ambao haustahili kiraka chochote. Mwaka 2023, katika toleo la 6.3, wasimamizi wa mtandao wa Linux waliondoa mipangilio ya foleni ya CBQ, ATM na dsmark, pamoja na viainishi vya tcindex na rsvp. Tcindex ilikuwa imetoka kuwa chanzo cha CVE-2023-1829, kasoro nyingine ya kutumia kumbukumbu iliyoachiliwa. DCCP yenyewe iliondolewa 2025 katika toleo la 6.16. Kila kinachoondolewa hupunguza idadi ya ndoa kati ya mama na mtoto ambazo mtu analazimika kuzifikiria, na idadi hiyo hukua kwa kuzidishana, kwa hiyo kuondoa kimoja kunapunguza nyingi. Ningefurahi orodha iendelee. Foleni isiyo na mtu wa kuitunza kwa jina, wala majaribio yanayoendeshwa kila toleo, ipewe muda wa kutafutiwa mlezi, kisha itolewe.

Wapo watakaosema jibu la haya yote ni Rust, lugha ya programu ambayo kompaila yake hukagua umiliki wa kumbukumbu. Naliheshimu jibu hilo, maana lina ushahidi. Google imeeleza kwamba katika Android sehemu ya udhaifu unaotokana na kumbukumbu ilishuka kutoka asilimia 76 mwaka 2019 hadi 24 mwaka 2024, na haikuja kwa kuandika upya yote ya zamani. Ilitosha msimbo mpya kuandikwa kwa lugha salama. Linux ilipokea Rust katika toleo la 6.1, Desemba 2022. Kasoro ya DCCP isingepita kwa kompaila ya Rust katika msimbo wa kawaida, kwa kuwa umiliki wa pakiti ungekuwa sehemu ya aina yake, na anayeitoa hawezi kuigusa tena. Kasoro ya CoDel ni jambo jingine. Hakuna lugha itakayomlazimisha mtoto kumwambia mama kwamba ameishiwa. Rust ingeigeuza kasoro hiyo kutoka kuporwa kwa mashine hadi foleni iliyokwama, na huo ni ushindi mkubwa, lakini kosa la hesabu lingebaki palepale. Isitoshe, miti na orodha hizi zimejengwa kwa vielekezi vilivyomo ndani ya makundi yenyewe, chini ya makufuli, kwa kasi ya mamilioni ya pakiti kwa sekunde. Anayezihamisha kwenda Rust atalazimika kwanza kuandika makubaliano yale yale ninayoyadai hapa. Bora tuyaandike sasa, yatufae katika lugha zote mbili.

Kuyaandika maana yake ni kuyafanya mashine iyakague. Vifaa vilivyopo ni vizuri: KASAN, iliyomo tangu 2015, hunasa kumbukumbu inapoguswa baada ya kuachiliwa, na syzkaller hurusha amri za kubahatisha usiku na mchana. Lakini vyote viwili huona matokeo. Hesabu ya mama inapokosea leo, kumbukumbu inaweza kuguswa vibaya baada ya amri mia moja, au isiguswe kabisa hadi mtu mwenye nia aipange. Ningetaka keneli iliyojengwa kwa ajili ya majaribio ijumlishe pakiti za watoto wote kila mara kufuli linapoachiliwa, na ipige kelele jumla isipolingana na ya mama. Ipige kelele pia kundi likiwa zamuni huku foleni yake ni tupu, au likiingizwa mara mbili. Kasi itashuka vibaya, na haidhuru, maana si ya kuendeshea seva. Kisha kila mama awekewe kila mtoto, na wakati pakiti zinapita, vikomo vibadilishwe, watoto wang'olewe, makundi yafutwe. Seti ya majaribio ya foleni ipo tayari kwenye hazina ya keneli, na marekebisho ya karibuni yamekuwa yakija na majaribio yake. Mengi yanajaribu kisa kilekile kilichoripotiwa. Kinachohitajika ni jedwali zima.

Limebaki jambo moja kwa wanaotunza matoleo ya zamani, wawe kwenye kampuni za vifaa au za seva. Tangu Februari 2024 mradi wa Linux unajitolea wenyewe namba za CVE, na hutoa nyingi sana, hivyo wengi wamezoea kuchagua: namba hii inatuhusu, ile iache. Kwa foleni za pakiti uchaguzi huo ni wa hatari. Ukichukua kiraka cha CoDel peke yake kwenye keneli ambayo mama zake hawajarekebishwa, umeondoa sharti lililokuwa likiizuia HTB kuanguka, na umejiletea tatizo ambalo maelezo ya zamani yalikuwa yakilionya. Chukua mfululizo mzima, kwa mpangilio wake, viraka vya mama kwanza, kisha cha mtoto, na uendeshe majaribio ya foleni kwenye tawi lako lenyewe kabla ya kulitoa.